Mngurumo Juu ya Doldol: Historia ya Jeti na Mifano Yake

Mchungaji wa Doldol, Laikipia, huijua jeti kwa kuchelewa. Ndege ya kivita ikitoka Nanyuki, kilomita 50 na ushei kwa barabara upande wa kusini, huchukua kama dakika tatu tu kufika juu ya vilima vya Mukogodo, na mngurumo wake huifuata kwa nyuma. Mbuzi wanapotawanyika na mtoto anapoinua uso, pale sauti inapotoka hapana kitu. Wazee hufundisha vijana kutazama mbele ya sauti, mbali kabisa, ndipo waone kinyuzi cheusi kikizama upande wa Isiolo.

Kwa miongo mingi watu wa nchi hii ya chini ya Mlima Kenya wameijua ndege hivyo: kutoka chini, baada ya kupita, ikiwa mali ya mwingine. Hata hivyo, ndege ina historia ya pili, nayo imepita katika mikono midogo. Ni historia ya ndege za mfano, kuanzia kijiti na mpira hadi jeti ndogo inayochoma mafuta ya taa, yenye turbaini ya kweli, inayoongozwa kwa redio na mtu aliyesimama ukingoni mwa uwanja. Ukizisoma historia hizi mbili pamoja, utaona kwamba ndege kubwa imekuwa mtoto wa ile ndogo mara nyingi. Taifa linaloziona ndege za mfano kuwa mchezo wa watoto limeufunga mlango ambao wenzetu waliingilia.

Kijiti, mpira na karatasi

Mnamo Agosti 1871, katika bustani ya Tuileries jijini Paris, kijana Mfaransa aitwaye Alphonse Pénaud alirusha mbele ya wataalamu ndege ndogo iliyosukumwa na mpira uliosokotwa. Iliruka kama mita 40 kwa sekunde 11 hivi, ikiwa imetulia yenyewe hewani, kwa sababu Pénaud alikuwa ameelewa kazi ya mkia katika kuizuia ndege isipige mbizi. Wakati huo hapakuwa na binadamu yeyote aliyewahi kuruka kwa mashine yenye injini iliyo nzito kuliko hewa. Miaka saba baadaye, huko Marekani, Askofu Milton Wright aliwaletea wanawe kichezeo kilichofuata ubunifu wa Pénaud: helikopta ya mianzi, karatasi na mpira. Wavulana hao, Wilbur na Orville, walikichezea hadi kikavunjika, kisha wakaunda vingine. Mwaka 1903 waliruka wenyewe.

Habari ya jeti inafanana na hiyo. Frank Whittle, Mwingereza, alikataliwa na jeshi la anga la nchi yake alipojaribu kujiunga mwanzoni mwa 1923, kwa sababu ya ufupi wake. Hakukata tamaa, na mwaka huohuo akapokelewa kama mwanagenzi wa ufundi. Katika chuo cha jeshi hilo huko Cranwell alijiunga na chama cha waundaji wa ndege za mfano. Mifano yake ilikuwa imekamilika kiasi kwamba wakubwa wake waliitazama wakaona pana kitu ndani ya kijana huyu, na mwaka 1926 akapandishwa kuwa mwanafunzi wa uofisa na urubani. Bila mifano ile, huenda angebaki kukaza nati maisha yake yote.

Januari 1930 Whittle aliwasilisha maombi ya hataza ya injini isiyo na rafadha mbele: kompresa inavuta hewa na kuibana, mafuta yanachomwa ndani yake, moshi wa moto unaisukuma turbaini inayoizungusha kompresa ileile, na kinachobaki kinafyatuka nyuma na kuisukuma ndege mbele. Wizara haikuona maana yake. Mwaka 1935 hataza hiyo iliachwa ife kwa kukosa ada ya pauni 5. Tarehe 12 Aprili 1937 injini yake iliwaka kwa mara ya kwanza. Ujerumani, ambako Hans von Ohain alikuwa akifuata wazo kama hilo kwa njia yake, ilitangulia kurusha: ndege ya Heinkel He 178 iliruka tarehe 27 Agosti 1939. Ya Whittle iliruka Mei 1941.

Ndege zinafika mlimani

Kenya ilikuwa tayari imezizoea rafadha. Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways jijini Nairobi mwaka 1929, na jina lake bado liko kwenye uwanja wa Wilson. Viwanja vya nyasi vilichipuka katika mashamba ya walowezi, Nanyuki ikiwemo. Kutoka kiwanja hicho cha Nanyuki, jioni ya tarehe 6 Februari 1952, Elizabeth, malkia mpya wa Uingereza, alipanda ndege aina ya Dakota kuelekea Entebbe na hatimaye London. Siku iliyotangulia alikuwa amepanda mti wa Treetops, karibu na Nyeri, akiwa binti mfalme, na baba yake akafariki usiku ule.

Miezi mitatu baadaye jeti ya abiria ilifika Afrika Mashariki. Comet ya shirika la BOAC iliondoka London tarehe 2 Mei 1952 kwenda Johannesburg, safari ya kwanza duniani ya jeti ya kulipia nauli, na Entebbe ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Watu wa ukingo wa Ziwa Viktoria walisikia sauti hiyo kabla ya miji mingi mikubwa ya dunia.

Upande wa Nyeri, miaka ileile, ndege ilikuja na sura nyingine. Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Oktoba 1952. Ndege ndogo za mafunzo aina ya Harvard ziliwekwa Mweiga, karibu na mji wa Nyeri, zikaangusha mabomu madogo ya kilo 9 hivi katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Baadaye yakaja madege makubwa ya Lincoln kutoka Eastleigh. Wapiganaji wa uhuru wa Mau Mau walijifunza kusoma sauti: ipi inatafuta, ipi inapita tu, ipi imebeba mzigo. Hii nayo ni elimu ya ndege, na waliipata kwa gharama kubwa.

Baada ya uhuru, Jeshi la Wanahewa la Kenya lilizaliwa tarehe 1 Juni 1964. Katika miaka ya 1970 jeti ziliingia moja baada ya nyingine: Strikemaster, kisha Hunter, na mwaka 1978 F-5 kutoka Marekani. F-5 ndiyo iliyokaa Nanyuki na kuwa sauti ya Laikipia. Tarehe 1 Agosti 1982, siku ya jaribio la mapinduzi, marubani wa Nanyuki walilazimishwa kwa mtutu wa bunduki kurusha ndege ili zikashambulie Nairobi. Mabomu yao waliyaangusha katika msitu wa Mlima Kenya. Jeshi lile lilivunjwa na kuundwa upya, na kambi ya Nanyuki leo ni Kambi ya Wanahewa ya Laikipia.

Doldol ilipata kovu lake pia. Majeshi ya Uingereza yamefanya mazoezi katika nyanda hizi kwa miongo mingi, na makombora yasiyolipuka yalibaki ardhini. Watoto na wachungaji waliokota chuma king'aacho wakaumia, wengine wakafa. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kuwalipa walalamikaji 228, Wamaasai na Wasamburu, pauni milioni 4.5. Nalitaja hili kwa uzito wake. Mkono wa mtoto unaponyooka kuelekea mashine, swali la kwanza ni kama kuna mtu aliyemfundisha kilichomo ndani.

Injini iliyozaliwa kwa ajili ya kuiga

F-5 inayopita juu ya Doldol husukumwa na injini mbili aina ya J85 za kampuni ya General Electric. Asili ya injini hii ingemfurahisha kila muundaji wa ndege za mfano. Haikubuniwa kwanza kwa ajili ya ndege ya rubani. Ilibuniwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Quail, kijindege kisicho na mtu kilichobebwa na madege ya B-52. Kazi ya Quail ilikuwa kuruka peke yake na kuonekana kwenye rada kana kwamba ni B-52 yenyewe. Kwa maneno mengine, lilikuwa sanamu linaloruka. Injini iliyotakiwa iwe ndogo, nyepesi na yenye nguvu ilifanikiwa mno hata wabunifu wakaijengea ndege ya kivita kuizunguka. Mngurumo unaowatawanya mbuzi wa Mukogodo ulianza kama sauti ya ndege ya kuiga.

Redio, kisha moto

Kuiongoza ndege ya mfano kwa redio kulianza katika miaka ya 1930. Ndugu wawili wa Michigan, Walter na William Good, walirusha ndege yao iliyoitwa Guff mwaka 1937, na leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wenye shauku ya jeti walifunga injini za mipigo, zenye kelele na joto lisilostahimilika. Baadaye walificha feni ndani ya tumbo la ndege na kuizungusha kwa injini ndogo ya pistoni. Umbo lilikuwa la jeti, moyo haukuwa wake.

Kwa nini turbaini ilichelewa? Kwa sababu hewa haipungui ukubwa pamoja na mashine. Ili kompresa ibane hewa vya kutosha, ncha za gurudumu lake sharti zikimbie kwa mamia ya mita kwa sekunde, gurudumu liwe kubwa au dogo. Injini ya kwanza ya Whittle kuruka ilizunguka chini ya mara 18,000 kwa dakika. Gurudumu la upana wa milimita 66 likizunguka mara 117,000 kwa dakika, ncha zake hupita mita 400 kwa sekunde, kasi kuliko sauti. Kosa la uzani mdogo kuliko punje ya mtama huivunja beringi, na beringi ikivunjika, gurudumu hupasuka.

Mwaka 1983 Mwingereza Jerry Jackman alirusha ndege ya mfano kwa turbaini. Ilikuwa kazi ya miaka na ya karakana iliyokamilika. Aliyeufungua mlango kwa mafundi wa kawaida ni Mjerumani Kurt Schreckling. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alionyesha kwamba gurudumu la kompresa laweza kutengenezwa kwa plaiwudi na kuimarishwa kwa nyuzi za kaboni, na vinavyobaki vikaundwa kwa mabati ya chuma kisichoshika kutu na vifaa vya karakana ya nyumbani. Hebu lifikirie gurudumu hilo. Ni vipande vyembamba vya mbao, vimepakwa gundi, vikafungwa nyuzi, kisha vikawekwa sentimita chache kutoka kwenye moto. Mbao hizo zilizunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika bila kuungua, kwa kuwa hewa inayopita mbele ya kompresa bado ni baridi. Schreckling aliandika kila kipimo kitabuni na kukichapisha kwa umma.

Baada yake Mjerumani mwenziwe, Thomas Kamps, alitoa michoro ya injini ambayo gurudumu lake la kompresa linatoka kwenye tabochaja ya gari. Hapa historia inatufikia karakanani. Tabo ni kitu ambacho fundi wa malori wa Nanyuki, Karatina au Nyeri amekishika mara mia: amekifungua, amekisafisha masizi, ameujaribu mchezo wa shafti kwa kidole gumba. Gurudumu lile la aluminiamu lililopinda mapezi kama ua ndilo moyo wa jeti ndogo. Na mafuta yake ni mafuta ya taa, yaleyale yaliyowasha koroboi katika manyatta kwa vizazi, yakichanganywa na oili kidogo, kama asilimia 5, kwa ajili ya kulainisha beringi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni kama JetCat ya Ujerumani zilianza kuuza turbaini ndogo zinazojiwasha zenyewe, zikisimamiwa na kompyuta ndogo. Toka hapo jeti ya mfano ikawa kitu cha kununua, kwa mwenye uwezo: injini moja mpya mara nyingi hupita bei ya pikipiki mpya ya bodaboda.

Kuijenga F-5 ya karibu mita mbili na nusu

Tuseme kikundi cha vijana kimeamua kuijenga ndege wanayoisikia kila wiki. F-5E halisi ina urefu wa mita 14.45 na mabawa ya mita 8.13. Kwa kipimo cha moja kwa sita, mfano utakuwa na urefu wa mita 2.4 na mabawa ya mita 1.36. Urefu umegawanywa kwa 6, eneo la bawa kwa 36, ujazo kwa 216. Ndege halisi ikiwa tupu ina kilo 4,300 na zaidi. Igawanye kwa 216, upate kilo 20. Hesabu hii moja ni somo zima la jometria, na mwanafunzi hataisahau kwa sababu atazibeba kilo hizo mgongoni.

Mwili hufinyangwa kwa fibaglasi ndani ya kalibu, na mbavu hukatwa kwa plaiwudi nyepesi na balsa. Mabawa ya F-5 ni mafupi na membamba, kwa hiyo uzito unaozidi huonekana mara moja wakati wa kutua. Ndipo inakuja kazi ya kuipamba: mistari ya mabati, vichwa vya ribiti, namba ubavuni, rangi iliyochujuka karibu na mabomba ya moshi. Kila kimoja hupimwa kutoka kwenye picha na michoro, maana anayeiga hupaswa kutazama kuliko anayepita.

Ndani hupangwa injini, bomba la chuma la kupitishia moshi, matangi, pampu, betri, kipokezi cha redio, na mota ndogo za kusukuma mapezi. Kati ya tangi na pampu hukaa kitangi cha kunasa mapovu, kwa sababu povu moja la hewa laweza kuzima moto ndege ikiwa angani. Magurudumu hukunjwa kwa hewa iliyobanwa au kwa umeme. Yote haya hupangwa kwa mizani, hadi ndege iliyoinuliwa chini ya mabawa itulie, pua ikiwa imelala kidogo.

Kisha kuwasha. Mtu mmoja husimama na mtungi wa kuzimia moto, mwingine na rimoti. Mota ya umeme huanza kuzungusha shafti, kwa mlio mwembamba kama wa mbu. Mafuta kidogo huingia, kiwashio huwaka, pofu! Kipimajoto hupanda upesi na kompyuta hulinda isipite mpaka. Mlio unakua, unakuwa filimbi, hadi mzunguko ufike 30,000 na ushei kwa dakika na injini ijitegemee. Nyuma, hewa inacheza kama juu ya lami ya adhuhuri, na moshi una joto la nyuzi 600 na zaidi. Injini ikizimwa, mota huendelea kuipuliza hewa baridi hadi joto lishuke, la sivyo beringi zitaungua kimyakimya.

Na hapa Laikipia pana somo ambalo vitabu vya Ulaya havilitilii mkazo. Nanyuki iko mita 1,900 na ushei juu ya bahari, na hewa ya kimo hicho ina kama asilimia 83 tu ya uzito wa hewa ya Mombasa. Injini iliyoandikwa kilo 10 za msukumo itatoa kilo 8 na kidogo. Bawa nalo litataka kasi iliyozidi kwa sehemu moja ya kumi kabla ya kuinua ndege. Mtambo uliotosha Pwani hautoshi hapa. Anayejenga chini ya Mlima Kenya lazima apige hesabu zake mwenyewe.

Mikono ya kwetu

Mikono haijawahi kukosekana. Kote Afrika Mashariki watoto huunda magari na ndege kwa waya, makopo ya mafuta ya kupikia na soli za ndala. Mwaka 2010 habari za Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta wa Nyeri, zilienea nchini: alikuwa akijijengea ndege nyumbani kwa injini ya gari. Jijini Kampala, Chris Nsamba alianza kuunda yake uani kwa mama yake. Wengi walitazama swali moja tu, kama ndege ziliruka au la. Mimi naona jambo jingine. Watu hawa walianzia kwenye ukubwa unaoweza kumuua rubani kabla hawajapata nafasi ya kukosea kwenye ukubwa unaovunja balsa tu. Pénaud, ndugu Wright na Whittle walipewa nafasi hiyo.

Kwingineko katika ukanda wetu ndege ndogo zimekwisha ajiriwa. Mwaka 2016 droni nyepesi za mabawa zilianza kuipiga picha Unguja na Pemba kwa ajili ya ramani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakafunzwa kuzirusha. Oktoba mwaka huohuo Rwanda ilianza kusafirisha damu kwa hospitali kwa ndege zisizo na rubani. Kenya ilikawia kufungua anga lake, hadi kanuni za mwaka 2020 zilipoweka njia ya leseni. Mtu wa Laikipia anayetaka kurusha chochote karibu na kambi ya wanahewa lazima aifuate njia hiyo kwa heshima, kwa sababu anga lile lina marubani ndani yake.

Nyeri ina Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichopewa hati mwaka 2012, kinachofundisha uhandisi. Kimathi mwenyewe, kiongozi wa Mau Mau, alisakwa kwa ndege katika misitu ya Nyandarua, ndege zilizopaa kutoka Mweiga, kaunti ileile. Sioni mahali panapofaa zaidi pa kuanzisha darasa la jeti ndogo: muhula wa kwanza balsa na mpira, wa pili feni ya umeme, wa tatu tabo kuukuu kutoka gereji, mizani ya beringi na mtungi wa kuzimia moto. Na vijana wa Doldol waitwe wakiwa bado sekondari. Mukogodo inajua hasara ya elimu isiyorithishwa. Wayaaku, wafuga nyuki wa msitu ule, wameiona lugha yao ikipungua hadi kwa wazee wachache, na pamoja nayo majina ya miti na ya asali.

Ndege ya mfano ikizunguka mita 100 kutoka kwako, sauti yake hukufikia kwa kama theluthi moja ya sekunde. Kijana wa Doldol atakayeshika rimoti ataiona jeti na kuisikia karibu wakati mmoja. Kwa mara ya kwanza mbele ya vilima vile, mtu atajua mngurumo umetoka wapi, unakwenda wapi, na ndani yake kuna nini.